Je, Dawa Hii Itamuua Nyuki?

Wahenga walinena kwamba fuata nyuki ule asali. Siku hizi methali hiyo inahitaji uangalifu, maanake ukimfuata nyuki leo huenda akakupeleka hadi kwenye shamba lililonyunyiziwa dawa asubuhi hiyo hiyo, na yeye mwenyewe asirudi mzingani. Katika makala haya nataka tujifunze pamoja jinsi ya kupima hatari ambayo dawa za kuulia wadudu huwaletea nyuki na wadudu wengine wanaochavusha maua. Msidhani hili ni somo la maprofesa peke yao. Ni somo la kila mtu ambaye kwao kuna shamba na pampu ya kunyunyizia, na katika shule yetu ya kutwa hao ndio wengi.

Jambo kuu nitalisema mapema ili ulishike tangu mwanzo: sumu ni kitu kimoja, na hatari ni kitu kingine. Atakayetofautisha haya mawili ataweza kulinda mazao yake na nyuki pia. Atakayeyachanganya, ama ataogopa kila chupa ya dawa, ama hataogopa hata moja.

KWA NINI TUWAJALI WADUDU HAWA

Tuanze na boga. Mmea wa boga huzaa maua ya aina mbili, dume na jike. Ua jike ndilo lenye kiboga kidogo chini yake. Ua hilo hufunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri limekwisha kufunga, wala halifunguki tena. Katika saa hizo chache lazima chavua, yaani ule unga wa manjano, itolewe kwenye ua dume na kuletwa hapo. Upepo hauiwezi kazi hiyo, kwa sababu chavua ya boga ni nzito na inanata. Mwenye kuiweza ni nyuki. Asipofika, kile kiboga hugeuka manjano, kikanyauka na kuanguka. Wengi wetu tumeviona viboga kama hivyo tukasema ni jua kali, au ni jicho la jirani.

Karakara nayo ina masharti yake. Sehemu zenye chavua katika ua lake zimeinuka juu, kiasi kwamba nyuki mdogo hunywa nekta na kupita chini yake bila kuzigusa. Linamhitaji nyuki mkubwa, kama wale weusi wanaotoboa mbao za paa na kuwakasirisha wazee. Ua la nyanya linaweza kujichavusha lenyewe, lakini huzaa vizuri zaidi likitikiswa na nyuki wa porini ambao hulishika na kuvuma mpaka chavua imwagike. Nyuki wa asali hawajui kuvuma namna hiyo. Kwa hivyo mtu akisema "nyuki", inafaa umuulize ni nyuki yupi.

Je, kazi hii ina thamani ya pesa? Naam, na imepimwa huku huku kwetu magharibi. Katika mashamba madogo ya Kakamega, watafiti wakiongozwa na Muo Kasina walichunguza mazao manane, yakiwemo maharagwe, kunde, nyanya, alizeti na karakara. Katika matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2009, karibu asilimia 40 ya thamani ya mazao hayo kwa mwaka ilitokana na uchavushaji wa nyuki. Isitoshe, zaidi ya asilimia 99 ya faida hiyo ililetwa na nyuki wa porini, wale ambao hawafugwi na mtu wala hawana wa kuwalilia wakifa. Mfugaji akikuta mzinga umekufa atapiga kelele. Lakini nyuki mweusi akifa ndani ya ubao wake, nani atajua?

SUMU NA HATARI

Sasa tuingie katika somo lenyewe. Fikiria swila wawili. Mmoja amefungiwa ndani ya kioo katika bustani ya nyoka kule Nairobi. Mwingine amelala kwenye njia ya kwenda chooni, na sasa ni usiku, na wewe huna tochi. Sumu yao ni ile ile. Hatari yao kwako ni kama mbingu na ardhi. Tofauti imeletwa na nini? Imeletwa na uwezekano wa wewe kukutana naye.

Vivyo hivyo kwa dawa na nyuki. Wanaopima hatari huuliza mambo mawili:

Kwanza, sumu hii ni kali kiasi gani kwa nyuki?

Pili, nyuki atakutana nayo wapi, lini, na kwa kiasi gani?

Ukipenda kuliweka kama fomula ya Hisabati, andika hivi: HATARI = UKALI WA SUMU × KUKUTANA NAYO. Kama kimojawapo ni sifuri, jibu ni sifuri. Kama kimojawapo ni kidogo lakini kingine ni kikubwa mno, usilale usingizi.

KUPIMA UKALI

Ukali hupimwa maabarani. Utaratibu unaofuatwa na mataifa mengi ulichapishwa mwaka 1998 na shirika liitwalo OECD. Nyuki wa asali, wale wafanyakazi waliokomaa, huwekwa ndani ya vizimba vidogo, kwa mfano kumi kumi. Wengine hupewa dawa iliyochanganywa na maji ya sukari wainywe. Wengine hudondoshewa tone dogo sana mgongoni. Kuna pia kundi lisilopewa dawa yoyote, la kulinganishia. Baada ya saa 24 na saa 48 waliokufa huhesabiwa. Dozi inayoua nusu ya nyuki waliojaribiwa ndiyo kipimo kinachoandikwa LD50. Kumbuka jambo hili, maana huwachanganya wengi: LD50 ikiwa ndogo, dawa ni kali zaidi, kwa sababu kidogo tu kimetosha kuua.

Dozi hizi huandikwa kwa mikrogramu. Gawanya gramu moja mara milioni moja, kipande kimoja ndicho mikrogramu. Kwa mfano, LD50 ya dawa iitwayo imidacloprid, nyuki akiinywa, ni kama mikrogramu 0.0037. Ile DDT ya zamani, ambayo kila mtu huiogopa kwa jina, ni kama mikrogramu 27 kwa nyuki. Hebu piga hesabu: gramu moja tu ya imidacloprid, ambayo ni kama robo ya kijiko cha chai, ina dozi kama hizo zipatazo milioni 270. Hapana mchezo hapo. Hata hivyo usisahau fomula yetu. DDT iliogopewa kwa sababu nyingine nzuri, mojawapo ikiwa kwamba hukaa ardhini na katika miili ya viumbe kwa miaka mingi.

Hapa ni lazima nionye juu ya ule ukanda wa rangi ulio chini ya lebo ya dawa: mwekundu, wa manjano, wa samawati au wa kijani. Watu wengi husema, "Hii ni ya kijani, haina maneno." Rangi hiyo inazungumza juu ya mtu. Haizungumzi juu ya nyuki. Kuna dawa iitwayo spinosad ambayo hatari yake kwa mtu ni ndogo, na katika nchi nyingi inakubaliwa hata kwa wakulima wasiotumia kemikali za viwandani. Lakini ikiwa bado mbichi kwenye jani, ni kali sana kwa nyuki. Ikikauka, hatari yake hupungua mno. Kwa hivyo rangi ya ukanda haitoshi, soma maneno. Yakisema dawa ni hatari kwa nyuki, au isinyunyizwe mimea ikiwa na maua, hayo hayakuandikwa kujaza nafasi.

KUPIMA KUKUTANA

Nyuki hukutana na dawa kwa njia nyingi. Nitataja tano.

1. Kunyunyiziwa. Nyuki yuko uani, pampu inapita, anaoga dawa.

2. Mabaki. Pampu imekwisha kupita, lakini dawa imebaki juu ya jani na petali. Nyuki anatua na kuikanyaga. Hapa swali ni: dawa hukaa muda gani? Chukua pareto yetu, zao ambalo kwa miaka mingi Kenya iliongoza dunia kuliuza. Sumu ya pareto ni kali kwa nyuki ikimgusa, lakini mwanga wa jua huivunja upesi sana. Dawa nyingine za viwandani zilizoigwa kutoka kwa pareto zilitengenezwa makusudi zisivunjwe na jua, na hivyo hukaa siku nyingi zaidi.

3. Chakula. Kuna dawa ambazo huingia ndani ya mmea na kusafiri pamoja na utomvu wake hadi kwenye nekta na chavua. Imidacloprid ni mojawapo. Hata ukiiweka kwenye mbegu au kwenye udongo, inaweza kufika uani. Nyuki hula na hubeba nyingine nyumbani kuwalisha majana, yaani watoto wake.

4. Maji. Nyuki hunywa maji pia. Pampu ikioshewa kando ya kijito, au maji yake yakimwagwa kwenye kidimbwi, mzinga ulio mbali na shamba utapata sehemu yake. Nyuki wa asali huweza kuruka kilometa tatu na hata zaidi kutafuta mahitaji yake.

5. Upepo na vumbi. Dawa uliyolenga nyanya inaweza kutua kwenye maua ya jirani.

Njia hii ya tano ina kisa chake. Mwaka 2008, katika bonde la mto Rhine kusini magharibi mwa Ujerumani, wakulima walipanda mahindi ambayo mbegu zake zilikuwa zimepakwa dawa iitwayo clothianidin. Mahindi huchavushwa na upepo. Mbegu huzikwa ardhini. Nani angefikiria nyuki? Lakini dawa haikuwa imeshika vizuri kwenye mbegu, ikachubuka na kuwa vumbi, na mashine za kupandia, ambazo hutumia hewa, zikalipuliza vumbi hilo nje hadi kwenye maua yaliyokuwa yamechanua karibu na mashamba. Zaidi ya mizinga 11,000 ya wafugaji wapatao 700 iliathirika. Ukali wa dawa ulijulikana. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mapema: je, hakuna mlango mwingine ambao nyuki anaweza kukutana nayo?

Na sisi tusiseme mahindi hayahusiki. Tangu viwavijeshi vamizi waingie Kenya mwaka 2017, mahindi hunyunyiziwa kuliko zamani. Nyuki huokota chavua ya mahindi, na katikati ya mistari huwa kuna magugu yenye maua, kama vile vishona nguo.

HESABU YA KWANZA

Wataalamu hawaanzi na majaribio makubwa. Huanza na hesabu nyepesi ya kuchuja. Chukua kiasi cha sumu halisi kinachonyunyizwa kwa hekta moja, katika gramu. Kigawanye kwa LD50 katika mikrogramu kwa nyuki. Ulaya walitumia kwa miaka mingi mpaka wa 50. Jibu likiwa chini ya 50, hatari kwa nyuki wa asali ilihesabiwa kuwa ndogo. Likifika 50 au kuzidi, dawa haikukataliwa papo hapo, bali ilitakiwa uchunguzi zaidi: kwanza katika mahema ya wavu yenye mimea na mizinga midogo, kisha katika mashamba ya kweli.

Tufanye mfano wa dawa mbili, nilizozipa herufi na nambari za kujifunzia tu.

Dawa A: gramu 500 kwa hekta, LD50 ni mikrogramu 100. Basi 500 ÷ 100 = 5.

Dawa B: gramu 20 kwa hekta, LD50 ni mikrogramu 0.08. Basi 20 ÷ 0.08 = 250.

Umeona ajabu hiyo? Dawa A hutumiwa mara 25 zaidi ya dawa B, lakini B ndiyo ya kuogopwa. Kwa hivyo mwuzaji akikuambia, "Hii unaweka kifuniko kimoja tu kwa pampu nzima," usichukulie kwamba amekuambia haina madhara. Huenda amekuambia kinyume chake.

MAMBO AMBAYO HESABU HIYO HAIYAONI

Hesabu hiyo ni mlango tu. Ina upofu wa namna nne.

Kwanza, inamtazama nyuki aliyekomaa na kusahau majana. Dawa inaweza kumwacha mama akaruka, na kuwaua watoto wanaolishwa.

Pili, inahesabu wafu na kuwasahau waliochanganyikiwa. Mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa wakiongozwa na Mickaël Henry walibandika vifaa vidogo vya kielektroniki migongoni mwa nyuki wa asali, wakawalisha dozi ndogo isiyoua ya dawa iitwayo thiamethoxam, kisha wakawaachilia mbali na mzinga. Wengi wao walishindwa kurudi kuliko wale ambao hawakupewa dawa. Nyuki asiyerudi nyumbani, kwa mzinga, ni sawa na aliyekufa.

Tatu, inapima dawa moja moja, hali shambani dawa huchanganywa. Baadhi ya dawa za ukungu, ambazo zenyewe hazimdhuru sana nyuki, huuzuia mwili wake kuivunja sumu nyingine. Zikichanganywa na baadhi ya dawa za wadudu kwenye pampu moja, ukali huongezeka mara nyingi.

Nne, na kwetu hili ndilo kubwa zaidi, ilitengenezwa kwa nyuki wa asali. Mzinga una maelfu ya wafanyakazi. Ukipoteza mia kadhaa, malkia bado yuko ndani anataga. Lakini nyuki wengi wa porini huishi wapweke. Jike mmoja ndiye malkia, ndiye mfanyakazi, ndiye mlezi. Akifa asubuhi, nyumba yake imekufa. Wengine huchimba viota vyao ardhini, pengine ndani ya shamba lenyewe, mahali ambapo dawa ya udongo huwakuta kitandani. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa ripoti iliyolinganisha hatari za dawa kwa nyuki wa porini katika Brazil, Kenya na Uholanzi, ikiuliza maswali ya namna hii hii: zao huchanua lini, dawa hunyunyizwa lini, na nyuki gani wako hapo wakati huo.

Ndiyo maana upimaji huwa na mwisho wenye nguvu. Ulaya, baada ya kuchunguza njia ya nekta na chavua, mwaka 2013 walizuia matumizi mengi ya imidacloprid, clothianidin na thiamethoxam, na mwaka 2018 wakakataza zisitumiwe nje kabisa, ila ndani ya vibanda vya kudumu vya kioo au plastiki. Kenya nayo ina chombo chake cha kusajili dawa, PCPB, kilichotokana na sheria ya mwaka 1982. Lakini hata bodi ikisajili dawa kwa uangalifu wote, haiwezi kuja kusimama kando ya pampu yako saa tatu asubuhi. Sehemu ya mwisho ya upimaji hubaki mkononi mwa mwenye shamba.

MASWALI MATANO YA SHAMBANI

Haya ndiyo maswali ambayo mtu yeyote anaweza kujiuliza kabla ya kufungua chupa:

1. Dawa hii ni ipi, na lebo yake inasema nini juu ya nyuki?

2. Hukaa muda gani, na je, huingia ndani ya mmea?

3. Ni maua gani yamechanua sasa hivi, ya zao, ya magugu na ya jirani?

4. Ni wadudu gani huyatembelea, na saa ngapi?

5. Upepo unaelekea wapi, na pampu itaoshewa wapi?

Niliyapeleka maswali haya kwa nyanya yangu, ambaye hulima nyanya (msicheke, Kiswahili ndicho kilichowapa jina moja). Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, na pesa zako za shule zitalipwa na nyuki?"

Hilo si swali la mzaha. Tangu mdudu aitwaye Tuta absoluta aingie Kenya mwaka 2014, nyanya zisizolindwa zinaweza kuliwa zote. Mtu aliyekopa pesa za mbegu na mbolea hawezi kuambiwa, "Usinyunyize, kuna nyuki." Kwa hivyo hatukuzungumza juu ya kunyunyiza au kutonyunyiza. Tulizunguka shambani tukayajibu maswali moja baada ya jingine.

Swali la kwanza lilituonyesha kwamba dawa moja ilikuwa na lebo, na nyingine alikuwa amepimiwa kwenye chupa ya soda. Hiyo ya chupa ya soda haikuweza kupimwa hatari yake hata kidogo, kwani hatukujua jina lake. Swali la tatu lilitupeleka kwenye ua la shamba, ambako maboga yake yametambaa, maboga ambayo tunakula matunda yake na seveve yake. Swali la nne lilionyesha tatizo lenyewe: kibarua mwenye pampu huja saa tatu asubuhi, saa ile ile ambayo maua ya boga yako wazi na nyuki wamejaa ndani.

Nikamwomba mambo matatu. Mosi, asinunue tena dawa isiyo na lebo. Pili, kibarua aje jioni, karibu saa kumi na mbili, nyuki wakiwa wengi wao wamekwisha kurudi kwao. Tatu, asichanganye dawa ya ukungu na ya wadudu kwenye pampu moja. La kwanza alilikubali hapo hapo. La pili alilikubali baada ya kibarua kusema kwamba hata yeye jioni haumwi na jua. La tatu alilikataa. Kibarua hulipwa kwa kila safari, na safari mbili ni malipo mawili. Hilo nililinyamazia, maana pesa ni zake. Lakini mawili kati ya matatu si haba. Haba na haba hujaza kibaba.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Kunyunyiza jioni husaidia kwa dawa ambayo hukauka au huvunjika kabla ya nyuki kuamka. Hakusaidii kwa dawa inayokaa siku nyingi juu ya jani, wala kwa ile inayoingia ndani ya mmea, kwa sababu hiyo itamngoja nyuki kwenye nekta kesho na kesho kutwa. Ndiyo sababu swali la pili lazima litangulie saa.

ZOEZI

(a) Dawa C hunyunyizwa gramu 30 kwa hekta, na LD50 yake ni mikrogramu 0.15. Dawa D hunyunyizwa gramu 1,200 kwa hekta, na LD50 yake ni mikrogramu 100. Ni ipi inayohitaji uchunguzi zaidi? (Majibu yako yawe 200 na 12.)

(b) Jirani yako anasema, "Mimi hunyunyizia mahindi tu, na mahindi hayahitaji nyuki." Mpe sababu mbili za kumfanya afikiri tena.

(c) Chagua maua 20 ya boga karibu na kwenu. Kuanzia saa moja unusu asubuhi, kaa dakika kumi uhesabu wadudu wanaotua, ukitenga nyuki wa asali, nyuki weusi wakubwa, nyuki wadogo wasiouma, na wengineo. Fanya hivyo siku tatu kabla ya shamba kunyunyiziwa na siku tatu baadaye. Fanya vivyo hivyo katika shamba jingine lisilonyunyiziwa, ili usije ukailaumu dawa kwa kosa la mvua. Tahadhari: usiingie katika shamba lililonyunyiziwa kabla ya muda uliotajwa kwenye lebo kwisha.

Zoezi (c) ningependa tulifanye sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili pamoja na wenzetu wa Kilimo, kila mmoja katika kijiji chake. Sisi wa shule ya kutwa tuna bahati ambayo wa mabweni hawana: kila asubuhi na jioni tunapita mashambani. Tukileta daftari zetu pamoja, tutajua ni mashamba gani ya huku kwetu ambako boga bado lina mgeni wa asubuhi, na ni yapi ambako ua hufunguka, likangoja, likafunga bila kubishiwa hodi.

Kwa hayo machache naiweka kalamu chini. Atakayekuwa na swali anione wakati wa mapumziko, chini ya ule mti ulio kando ya maktaba.